Mkia Unacheza, Theluji Inaruka: Mazda MX-5 Kwenye Baridi ya Minnesota

Rafiki yangu, acha hicho unachofanya, kaa, nisikilize! Nimeshuka kwenye Mazda MX-5 juzi tu, mikono bado inatetemeka, na si kwa baridi, ni kwa furaha tupu, ile furaha inayokufanya utake kumshika mpita njia yeyote umsimulie hata kama hakujui. Gari dogo la spoti, milango miwili, viti viwili, paa la kitambaa, nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma. Na liko Minneapolis, Marekani, mwezi wa Januari, theluji imejaa kila mahali, juu ya nyumba, kwenye miti, barabarani, hadi kwenye kope za macho! Na linakwenda. Haliendi kwa kubahatisha wala kwa kuombewa. Linakwenda kwa raha, kwa madaha, kwa uchangamfu ambao sikujua gari linaweza kuwa nao. Na bado!

Najua unachowaza, maana ndicho walichonena wote. Gari la spoti linalosukumwa na magurudumu ya nyuma? Kwenye theluji? Huko watu wengi hulifungia gereji kuanzia Novemba, wanalifunika turubai, wanachomoa betri, wanaliaga hadi Aprili. Wanahamia kwenye magari marefu, mazito, yanayovuta kwa magurudumu manne. Shemeji yangu anayeishi huko amekataa katakata. Yeye anakwenda nalo kazini majira yote ya baridi, zamu ya mchana, zamu ya usiku, theluji ikianguka, theluji ikiwa imelala. Akanirushia ufunguo akaniambia, "Shem, chukua. Wewe kanyaga taratibu tu, mengine litakufundisha lenyewe." Na likanifundisha, jamani, likanifundisha!

Ukifungua mlango hupandi, unashuka. Unashuka hadi karibu na ardhi, kiti kinakupokea, kinakubana vizuri mbavuni, na kiti chenyewe kina joto, joto linalopanda mgongoni polepole wakati nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri! Kwa kuwa chumba ni kidogo mno, hita haina kazi kubwa hata kidogo. Mtaa wa kwanza vidole vimelegea, mtaa wa pili umefungua zipu ya koti, na wenye magari makubwa kule kwenye taa nyekundu bado wanapuliza viganja vyao. Gia ni za mkono. Mwanzoni zinagoma kidogo, oili imekuwa nzito kwa baridi, halafu inalainika, na gia zinaanza kuingia kwa mlio mdogo, mfupi, mtamu, mtamu kweli kweli, hadi unabadilisha gia hata pale usipohitaji. Halafu ile sauti ya chini! Theluji kavu ya baridi kali inalia chini ya matairi kama unga wa muhogo ukiubana kiganjani, kwii, kwii, na kwa vile umekaa chini sana unaisikia yote, karibu uiguse.

Nikaweka gia ya pili, ndiyo, ya pili, hapo hapo nimesimama, kwa sababu ya kwanza ina nguvu nyingi mno na inayazungusha magurudumu bure. Nikaachia klachi nusu, nikagusa mafuta kwa ncha ya kidole gumba cha mguu. Gari likasita kidogo, likajishika, likaondoka. Laini! Taratibu! Sikuamini. Kona ya kwanza ilipofika nikaongeza mafuta kidogo tu, na hapo, rafiki yangu, hapo ndipo roho yangu iliporuka: mkia ukasogea. Ukasogea pembeni kidogo, kwa adabu, ukaniambia "niko hapa," nikarudisha usukani upande wa pili, ukarudi mahali pake. Nikacheka peke yangu. Nikacheka kwa sauti! Shemeji pembeni alikuwa anatazama dirishani anatabasamu, anajua kilichonipata.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye utamu wote. Ili ulisikie gari la spoti likifanya hivyo kwenye lami kavu unahitaji mwendo wa hatari, mwendo wa uwanja wa mashindano, mwendo wa kutafuta matatizo na polisi. Kwenye theluji unayapata yote hayo kwa kilomita 30 kwa saa! Thelathini! Mwendo wa mtu anayetafuta maegesho! Uzito unahama, matairi yanaachia, matairi yanashika tena, usukani unakuwa mwepesi halafu unakuwa mzito, kiuno chako kinajua mkia unakwenda wapi kabla macho hayajajua. Kila kitu kinatokea polepole, kwa uwazi, mbele yako, na una muda wa kukitazama na kukijibu. Mtaa wa kawaida kabisa wa kwenda kununua maziwa umekuwa sherehe. Na bado!

Maana nilikuwa nimeaminishwa kwamba magurudumu ya nyuma ndiyo adui. Si kweli, au tuseme, si kweli kwa namna watu wanavyosimulia. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, matairi mawili yale yale yanaombwa yavute na yapige kona kwa pamoja, na kwenye utelezi yanashindwa vyote viwili. Ukigeuza usukani, pua inaendelea kwenda mbele moja kwa moja, na wewe huna la kufanya ila kusubiri. Hapa kazi zimegawanywa. Ya mbele yanaongoza, ya nyuma yanasukuma, kila moja na lake. Ukiongeza mafuta uzito unarudi nyuma, unakandamiza matairi yale yale yanayosukuma. Mlimani ni hivyo hivyo. Na uzito wa MX-5 umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, kwa hiyo mkia haubaki mtupu. Hili la shemeji lina ile difu isiyokubali gurudumu moja lizunguke bure huku jingine limelala, na unaisikia ikifanya kazi, magurudumu yote mawili yanashikana kwa pamoja, gari linanyooka, linaondoka. Ah!

Lakini siri kubwa, siri ya siri, ni matairi. Kama utakumbuka jambo moja katika haya ninayokumwagia, basi likumbuke hili. Raba ya tairi la kiangazi hukauka na kuwa ngumu hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kama hakuna chembe ya theluji barabarani. Ukitoka na matairi hayo Januari, basi ndiyo, zile hadithi zote za kutisha ni za kweli, hutapanda hata mteremko wa gereji. Tairi la baridi raba yake ni laini, inabaki laini hata kwenye baridi ya kukausha pumzi. Nimeigusa! Nilivua glavu, nikaibonyeza kwa kidole, ikabonyea, nje kule, kwenye baridi ile! Na uso wake umechanjwa chale nyembamba nyembamba, mamia kwa mamia, na zile chale zinabeba theluji. Zinaibeba makusudi! Kwa sababu hakuna kitu kinachoshika theluji vizuri kuliko theluji yenyewe. Nilipoelezwa hilo nilisimama pale nje nikasahau kurudisha glavu.

Ukienda kununua tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ndiyo inayoonyesha kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji kali. Usidanganywe na herufi M na S peke yake. Kule Quebec, Kanada, matairi ya baridi ni lazima kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na kwa niliyoyaona mimi naipigia makofi sheria hiyo. Wafini nao walianza mapema kupita kiasi: kiwanda kinachojulikana leo kama Nokian kilitengeneza tairi la baridi mwaka 1934, la malori, ili mizigo ifike. Shemeji amechagua rimu ndogo kidogo na matairi membamba kidogo kuliko ya kiangazi, na hilo nalo lilinishangaza. Nilidhani pana ndiyo nzuri. Kumbe jembamba linakata theluji, linatafuta ardhi ngumu chini, ilhali pana linapanda juu na kuelea.

Na mshangao mwingine, huu sijaumaliza kuushangaa hadi sasa. Barafu ya baridi kali sana inashika kuliko barafu ya baridi ya wastani! Siku ya sifuri, jua limechungulia, barabara inang'aa, hiyo ndiyo siku mbaya, kwa sababu juu ya barafu kuna utando wa maji. Siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, siku ambayo pua inauma ukivuta hewa, gari linashika vizuri ajabu. Kwa hiyo sasa mimi naangalia utabiri wa hali ya hewa nikiombea baridi zaidi. Mimi, mtu wa nchi ya jua!

Na wewe unayesoma haya ukiwa Nakuru au Arusha, usidhani hili halikuhusu. Linakuhusu sana! Umewahi kuendesha Toyota Mark X kwenye barabara ya udongo baada ya mvua ya masika? Basi mikono yako inajua nusu ya somo. Ule mkia unaotaka kukupita, ule usukani unaourudisha kinyume, ule mguu unaojifunza adabu kwenye mafuta, ni kitu kile kile! Na anayelithibitisha ni Björn Waldegård, yule Mswidi aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali mwaka 1979. Alishinda rali ya Monte Carlo mwaka 1969 na tena 1970 akiwa na Porsche 911, injini nyuma, magurudumu ya nyuma yakisukuma, milimani kwenye barafu na theluji ya Ufaransa. Halafu akaja kwetu. Safari Rally ya 1977 akaichukua na Ford Escort, ya 1984 na ya 1986 akazichukua na Toyota Celica, yote magari ya kusukuma nyuma, kwenye matope na vumbi la Kenya! Mikono ile ile! Miaka yote nimemsikia akitajwa na wazee wa rali nyumbani, na ni juzi tu, kwenye kona ya theluji huko Minneapolis, ndipo viganja vyangu vilipoelewa alikuwa anafanya nini. Nilitaka kumpigia simu mtu. Ndiyo maana nakupigia kelele wewe.

Na bado! Subiri nikupeleke ziwani.

Minnesota inajivunia maziwa zaidi ya 10,000, na baridi ikikolea yanaganda, na watu wanaingia juu yake na magari. Juu ya maji! Idara ya Maliasili ya jimbo inashauri barafu ngumu ya inchi 9 hadi 10 kwa gari dogo, na wapenda magari waliotualika walikuwa wametoboa mashimo kila upande wakapima, wakaturidhisha, wakakwangua njia pana ya kuzunguka yenye kona za kila aina. Hakuna ukingo wa saruji. Hakuna nguzo. Ukipotea unaishia kwenye theluji laini, unacheka, unarudi. Nikazima ule mfumo wa umeme unaozuia gari lisiteleze, ambao barabarani nauacha umewashwa na wewe uuache umewashwa, nikakanyaga mafuta, na dunia ikazunguka upande.

Sijui nianzie wapi. Unaingia kona, unaachia mafuta kidogo, pua inauma, mkia unaanza safari yake, unarudisha mafuta taratibu, na gari linabaki pale, limelala upande, linateleza kona nzima, ndefu, ndefu, unatazama njia kupitia dirisha la pembeni! La pembeni! Theluji inaruka nyuma yako, wingu jeupe zima, jua linapita ndani yake. Mguu wa kulia ndio unaopiga kona, usukani unasahihisha tu. Ongeza mafuta nusu milimita, mkia unatoka zaidi. Punguza, unarudi ndani. Kitu cha ajabu ni lile tulizo. Nilitarajia vurugu, nikakuta utulivu mkubwa ndani ya kelele, gari linasema na mimi nalijibu, linasema tena nalijibu tena, hadi nikaacha kufikiri kabisa, macho yanatazama ninakotaka kwenda na mikono inafuata yenyewe. Shemeji alikuwa ananikumbusha jambo moja tu: "Tazama unakokwenda, usitazame theluji." Ukiitazama theluji, unaingia kwenye theluji. Ukitazama mwisho wa kona, unafika mwisho wa kona. Nikafika! Nikafika tena na tena, hadi tangi likaanza kulalamika.

Na kona mbili zikiunganishwa, je! Unatoka ya kushoto mkia ukiwa kulia, unaachia mafuta, gari linajipindua lenyewe, uzito unavuka kutoka upande huu hadi ule, tumbo linabaki nyuma sekunde moja, na kabla hujapumua umeshalala upande wa pili kwa kona ya kulia. Nilipiga ukelele. Sikuweza kujizuia, na sikutaka kujizuia!

Haya, paa. Ndiyo, paa! Umedhani nimemaliza? Gari hili linafunguka juu. Lakini usifungue nje kwenye baridi, kitambaa kimekakamaa na hakipendi kukunjwa. Unalifungua ndani ya gereji yenye joto, unalegeza kishikio kimoja, unalirudisha nyuma kwa mkono mmoja, tayari. Kofia ya sufu, skafu, vioo vya pembeni juu, hita hadi mwisho, kiti hadi mwisho, na unatoka chini ya mbingu. Miguu imo jikoni, kichwa kimo kileleni Kilimanjaro! Chembe za theluji zinapita juu yako bila kukugusa kwa sababu upepo unazirusha juu ya kioo, na ukisimama kwenye taa ndipo zinashuka, moja, mbili, juu ya dashibodi, juu ya glavu, zinayeyuka. Hewa ina harufu ya msonobari na moshi wa kuni kutoka kwenye mabomba ya nyumba za watu. Mtoto mmoja kwenye basi la shule alibandika uso kioo kizima akanipungia mikono yote miwili. Nikampungia yangu. Na gari hili, unajua, lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari ya 1989, katikati ya baridi! Lilizaliwa kwenye theluji, kwa nini tulifungie?

Ya kuzingatia? Yapo, niyapitie haraka kwa sababu moyo haupo huko. Gari liko chini, kwa hiyo theluji mpya ya kufika magotini si yake. Subiri malori ya kukwangua yapite, kunywa chai, halafu toka. Lakini ile ya kufika kwenye bampa, ah, pua inailima, inapanda juu ya boneti kwa mawimbi, ni burudani tupu. Chumvi wanayomwaga barabarani inakula chuma, basi osha chini ya gari kila baridi inapolegea, osha kweli kweli, osha hadi maji yatoke safi. Ukishuka mteremko usirudishe gia kwa pupa, injini ikivuta ghafla magurudumu ya nyuma yanaachia. Ikitokea, kanyaga klachi, yataanza kuzunguka tena na mkia utarudi. Acha nafasi kubwa, kubwa mno, kwa aliye mbele yako, maana magurudumu manne yanayovuta hayasaidii gari kufunga breki. Wote tunasimama kwa matairi tu.

Sasa wewe. Ndugu yangu uliyeko Minneapolis, Toronto, Oslo, Helsinki, wewe unayelitazama lile gari dogo lililofunikwa turubai kwenye gereji ya mtu anayetaka kuliuza kwa bei ya kutupa mwezi wa Novemba kwa sababu eti "baridi imefika": linunue! Baridi ndipo bei yake inaposhuka, na baridi ndipo raha yake inapopanda! Agiza matairi Oktoba, usingoje theluji ya kwanza, siku hiyo mafundi wote wana foleni hadi barabarani. Tafuta uwanja mtupu mkubwa wenye ruhusa ya mwenyewe, asubuhi na mapema, gia ya pili, mafuta kidogo, zungusha, ukosee, urudie. Mkia ukicheza kwa mara ya kwanza na ukaurudisha kwa mikono yako mwenyewe, nipigie simu hapo hapo, usiandike ujumbe, nipigie, hata iwe usiku wa manane huku kwetu, nataka kusikia ukicheka!